Kulala msituni na farasi wako mwenyewe, usiku mnamfungaje?

Binti_Monduli

Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kupanda farasi milimani na kulala nao hukohuko. Mimi niko Indiana kusini, karibu na Bloomington, nina farasi wangu dume aliyehasiwa, aina ya Quarter Horse wa miaka 14, mpole, uzito kama kilo 450 hivi. Njia za msituni tumeshapita nyingi lakini zote za kwenda asubuhi na kurudi bandani jioni, sasa mwezi wa kumi majani yakishaanza kugeuka rangi nataka nimpakie kwenye trela twende tukalale usiku 2, ama Brown County State Park ama kule Hoosier National Forest upande wa Charles C. Deam, bado sijaamua.

Kupanda hakunitishi, kinachonitisha ni usiku. Huyu hajawahi kulala amefungwa hata siku moja, kwake anazunguka tu kwenye uwanja na mwenzake. Mmoja ananiambia mfunge kwenye trela, mwingine ananiambia mfunge kwenye mti, mwingine nunua uzio wa umeme wa betri. Na akikata kamba saa 8 usiku kwenye giza lile na mabonde yale namtafutia wapi jamani. Halafu maji, nimesikia farasi anaweza kugomea maji ya ugenini mpaka aumwe tumbo, ni kweli?

Na swali la pembeni kwa walioko nyumbani, hivi Usambara au West Kilimanjaro mtu anaweza kufanya jambo hili kweli? Nalifikiria sana.

Kamba_na_Tandiko

Karibu sana dada, umeuliza swali la maana kuliko wengi maana watu wanauliza tandiko gani, njia gani, mandhari gani, wakati safari za hivi zinaharibikia usiku. Mchana uko juu yake, unamwona, unamsikia. Usiku umelala na yeye yuko macho, farasi analala kidogokidogo sana, kila jani likidondoka analisikia.

Mtini moja kwa moja usimfunge. Atauzunguka, kamba itamalizikia shingoni, atatafuna gamba, ataparua mizizi kwa kwato mpaka shimo, mti wenyewe unakufa taratibu na walinzi wa msitu hawalipendi jambo hilo hata kidogo. Kwenye trela sawa kwa kupumzika mchana ila usiku kucha kuna kona za bati, kuna tairi, mguu unaingia chini ya bampa, mimi silali usingizi farasi akiwa amefungwa trelani.

Wanachofanya wengi huku ni kamba ya juu. Unatafuta miti miwili mizima, MIZIMA nasisitiza, kwa sababu misitu ya Indiana imejaa miti ya ash iliyokufa imesimama, yule mdudu wa kijani aliyeonekana Michigan mwaka 2002 aliingia Indiana 2004 na ameimaliza kabisa, ukiifungia kamba inaweza kuangusha tawi juu ya farasi. Kila mti unauvisha mkanda mpana kama ule wa kufungia mizigo ili kamba isikate gamba, halafu unakaza kamba isiyovutika juu ya kichwa cha farasi, mita 2 na zaidi kidogo kutoka chini, ikaze kweli maana ikilegea katikati kazi yote imekwisha. Fundo la kumfungia unaliweka mbali na mti kama mita 2 asiufikie, na liwe halitelezi kwenda huku na huku.

Urefu wa kamba yake ndo pa kuangalia sana. Simama mbele yake, vuta pua yake kuelekea chini: pua ifike karibu na ardhi aweze kula nyasi zake, lakini kamba isilegee kiasi cha kupitisha mguu juu yake. Fupi sana hawezi kula wala kujilaza, ndefu sana atajinasa mguu, na farasi aliyenasa mguu usiku anapigana na kamba mpaka kitu kikatike, iwe kamba au ngozi. Fundo la kufungukia mkononi ukivuta mara moja, na kisu kiwe mfukoni mwako.

Sasa la muhimu kuliko yote hayo, usimfundishe msituni. Una muda mpaka mwezi wa kumi. Mfungie kamba hiyohiyo nyumbani jioni akiwa ameshafanya kazi amechoka, nusu saa ukiwa hapohapo unafanya shughuli zako, aparue aparue mpaka atulie ndo umfungue, asifunguliwe akiwa anaparua maana atajua kuparua ndo ufunguo. Ongeza muda taratibu mpaka alale usiku mzima nyumbani. Kama nyumbani hawezi, msituni hataweza, na hapo ahirisha tu safari bila aibu.

NduguKivu_KY

Jambo ndugu zangu. Mimi ni mkongomani niko Louisville, farasi ninao wawili. Nakubaliana na Kamba ila nina swali kwa dada, unaenda peke yako? Maana umesema ana mwenzake uwanjani. Farasi anayeishi na mwenzake ukimtoa peke yake umpeleke mahali asipopajua, halafu umfunge, halafu giza liingie, ni mambo matatu mapya kwa wakati mmoja. Atalia usiku wote na kesho yake utapanda farasi ambaye hakulala na wewe hukulala, mnashuka mteremko wa mawe mmechoka wote wawili. Tafuta mtu mwenye farasi mzee mtulivu muende pamoja, farasi akiona mwenzake anakula kwa amani na yeye anatulia moyo.

Pia kati ya sehemu ulizotaja mimi ningeanza Brown County. Ni parki kubwa kuliko zote za jimbo hilo, karibu ekari 16,000, kuna kambi ya farasi kabisa na njia za farasi zinazidi kilomita 100, na majirani wenye trela wapo, likitokea tatizo kuna mtu wa kumwamsha. Charles C. Deam ni pori lililotengwa na Bunge la Marekani mwaka 1982, ekari kama 13,000, zuri sana lakini mabondeni simu haishiki. Liache kwa safari ya pili. Ukishazoea njoo huku Kentucky, Mammoth Cave watu wanaijua kwa pango tu wakati upande wa kaskazini wa mto Green kuna njia za farasi kilomita nyingi kwenye vilima vya msitu na kambi ya Maple Springs ina nafasi za farasi. Ila ukivuka mpaka wa jimbo lazima uwe na karatasi za daktari.

MamaKwato

Hapo kwenye karatasi nidakie maana ndo kazi yangu, niko kwenye kliniki ya mifugo Ohio. Kuna kipimo cha damu kinaitwa Coggins, kimepewa jina la Dkt. Leroy Coggins aliyekitengeneza mwaka 1970, kinaangalia ugonjwa wa virusi unaomaliza damu ya farasi na hauna tiba wala chanjo, unabebwa na nzi wakubwa wa farasi kutoka huyu kwenda yule. Kambini farasi wa watu tofauti wamesimama karibu karibu, nzi akiuma huyu akaruka kwa yule basi, ndo maana wanadai karatasi. Weka nakala kwenye gari muda wote, hata kama huvuki jimbo, na uhakikishe haijapita miezi 12. Ukivuka kwenda Kentucky ongeza na cheti cha afya cha daktari wa mifugo.

Maji ni kweli kabisa. Farasi wa kilo 450 anakunywa lita 25 hadi 45 kwa siku na akipanda vilima kwenye joto anazidi, asipokunywa chakula kinakauka tumboni, msokoto wa tumbo unaanza na huo unaua. Wiki moja kabla ya safari anza kumtilia juisi ya tofaa kidogo kwenye ndoo ya nyumbani, ukifika huko unatia hiyohiyo kwenye maji ya ugenini, ladha inakuwa ileile. Au beba maji ya nyumbani ya siku ya kwanza kwenye madumu. Na nyasi kavu beba zilezile anazokula kila siku, usinunue mpya njiani. Jifunze kumsikiliza tumbo: weka sikio ubavuni nyuma ya mbavu, farasi mzima tumbo linanguruma muda wote, likinyamaza kimya pande zote mbili, hajanya, anageuka kuangalia ubavu wake, hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Sasa umesema mwezi wa kumi, majani yakigeuka rangi. Sikiliza hapa dada yangu vizuri maana watu wanaangalia uzuri tu. Majani ya mti wa mepo mwekundu (red maple) yakishaanguka yakanyauka ni sumu kwa farasi, yanavunja chembe nyekundu za damu. Hata kilo moja hivi ni hatari, na dalili mojawapo ni mkojo kuwa wa kahawia iliyokolea. Farasi aliyefungwa usiku mzima chini ya mepo huku hana nyasi za kutosha mbele yake ataokota chochote, njaa na kuchoshwa na kusimama. Cheri pori vilevile, tawi likivunjika na upepo majani yakanyauka yana sumu ya sianidi. Kwa hiyo kabla hujakaza kamba ya juu inua macho uangalie umefunga chini ya mti gani, halafu chukua reki ukwangue majani yote pale atakaposimama.

Na kuna ua jeupe linalochanua kipindi hichohicho kwenye kivuli cha misitu ya huko, white snakeroot wanaliita, vishada vidogo vyeupe na majani yenye meno meno kama msumeno. Linaharibu moyo wa farasi. Mama yake Abraham Lincoln alifariki Indiana hiyohiyo ya kusini mwaka 1818, Lincoln akiwa mtoto wa miaka 9, na inajulikana alikufa kwa ugonjwa wa maziwa, yaani ng'ombe walikula mmea huo sumu ikapita kwenye maziwa. Kwa hiyo sio mmea wa vitabuni, uko pale njiani unapita nao gotini. Mkizoea kuacha farasi achume chume majani mkiwa mnatembea hiyo tabia muikomeshe.

SaisiWaNanyuki

Sasa wadau. Mimi ni saisi huku upande wa Mlima Kenya, farasi nimewalea tangu nikiwa kijana. Dada wa Monduli nikujibu hilo swali la pembeni, maana nimeona wamekuruka.

Inawezekana, lakini huku usiku una adui mwingine. Kule kwenu mnaogopa kamba ikatike, sisi tunaogopa visubi. Ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaletwa na visubi wadogo hao, wanauma kuanzia jua likizama mpaka kukuche, na punda milia wanabeba virusi bila kuumwa. Farasi jioni anakula vizuri, siku inayofuata anahema kwa shida, povu linatoka puani na unampoteza mkiwa mnaangaliana. Ndo maana huku msimu wa mvua farasi wanaingizwa ndani kabla jua halijazama, na wewe unachotaka kufanya ni kumlaza nje usiku, yaani saa zilezile za kisubi. Kwa hivyo chanjo kila mwaka bila kukosa, safari ni kiangazi tu, na unalala juu kwenye baridi na upepo mbali na madimbwi. Halafu kuna mbung'o kwenye vichaka vya chini, huyo naye analeta nagana, farasi anakonda tu mpaka anaisha. Baridi ya juu mbung'o haipendi, kwa hivyo milima kama Usambara kule juu si mbaya kwa hilo, shida ni kupita tambarare kufika hapo, hapo ni lori na usipige kambi njiani.

West Kilimanjaro ongeza tembo na simba. Kwenye safari za farasi za huku farasi wanafungwa kwa laini moja katikati ya kambi, hema za watu zinawazunguka, na masaisi wanakesha kwa zamu na moto. Si mtu mmoja na farasi mmoja. Farasi ndo walinzi wako pia bana, wakiinua vichwa wote pamoja masikio upande mmoja, usiulize ni nini, amsha watu.

Binti_Monduli

Jamani asanteni sana, MamaKwato hapo kwenye mepo umenifungua macho, uwanja wetu wote una nyasi tupu hakuna miti kwa hiyo hata kuwaza sijawahi. Saisi asante kaka, hilo la visubi nilikuwa nalisikia juu juu tu sikujua linaanzia jioni.

Basi naanzia Brown County na kuna dada mmoja tunapanda naye ana jike la miaka 20 tulivu, nimemwomba amekubali. Maswali yaliyobaki: uzio wa umeme mmeuruka, na vilima vyenyewe, njia zetu za sasa ni za wastani, huko nasikia kuna mipando mikali.

Kamba_na_Tandiko

Uzio wa umeme ni mzuri kwa farasi anayeuheshimu na sehemu ya wazi. Msituni mimi siuamini peke yake kwa sababu ya paa. Huko wamejaa, usiku wanakimbia wanapita katikati ya ule utepe wanauangusha, farasi akikurupuka hana kinachomshika. Kuna wanaoutumia miaka na miaka bila shida, sibishani nao. Ila kwanza uliza kama kambi inaruhusu.

Vilima: kupanda inuka kidogo kwenye tandiko, egemea mbele, shika manyoya ya shingo usivute hatamu, mwachie kichwa. Kushuka kaa wima, taratibu, na mteremko mkali uushuke wima usikate kwa ubavu, farasi akiteleza akiwa wima anakaa kitako anajirudisha, akiteleza kwa ubavu mnabingirika wote. Mwendo wa matiti, ule wa kukimbia taratibu (trot), mteremkoni hapana. Mpando mrefu simama katikati umgeuze apumue mpaka mbavu zitulie ndo muendelee. Baada ya mpando wa kwanza shuka ukaze mkanda wa tumbo, utaukuta umelegea, huwa hivyo siku zote, na tandiko lisiloshikiliwa na mkanda wa kifuani linarudi nyuma. Mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo udongo ule wa mfinyanzi unateleza mno na kwato zinaichimba njia inakuwa mfereji, bora msubiri ukauke.

Simu isikae kwenye mfuko wa tandiko. Iwe mwilini mwako. Ukianguka farasi anaondoka na tandiko, na simu, na maji, na kila kitu. Farasi mwenyewe mfungie kibati chenye namba yako ya simu kwenye kamba ya kichwa, asivuliwe hata usiku, hilo ndo jibu la swali lako la saa 8 usiku. Na akitoka usimkimbize gizani. Farasi aliyetoka mara nyingi anarudi kwa mwenzake au kwenye trela, mwache yule jike amefungwa pale, tikisa ndoo ya nafaka, subiri.

NduguKivu_KY

Na mkikutana na watu wa miguu au baiskeli waombe waseme kitu, wasimame upande wa chini wa mteremko. Farasi anachoogopa ni kitu kirefu chenye begi mgongoni kimenyamaza kimya kimejificha nyuma ya mti. Akisikia sauti ya mtu anajua ni mtu. Mwezi wa kumi vaeni vesti za rangi ya chungwa, wawindaji wa mishale wanakuwa wameshaanza, na wenye bunduki wanaingia mwezi wa 11. Msivae kahawia kahawia.

Kuni pia msibebe kutoka nyumbani, hapo ndo yule mdudu wa ash alivyosambaa. Nunueni hukohuko.

MamaKwato

Kupe jamani. Jioni ukimvua tandiko pitisha vidole, usitegemee macho: chini ya manyoya ya shingo, katikati ya miguu ya nyuma, chini ya mkia, chini ya taya. Halafu jikague na wewe. Na mgongo, pitisha kiganja pale tandiko lilipokaa, ukikuta sehemu kavu katikati ya jasho pana shinikizo hapo, kesho patavimba, badilisha blanketi au mpumzishe.

Binti_Monduli

Nimeandika yote kwenye daftari. La mwisho kabisa, nyasi kavu nibebe kiasi gani kwa siku 3? Na mavi yake nafanyaje, kuna mtu kaniambia niyazike.

Kamba_na_Tandiko

Piga asilimia 2 ya uzito wake, kwa huyo wa kilo 450 ni kilo 9 kwa siku, siku 3 ni 27. Marobota madogo mawili yanatosha na yanabaki, na yabaki, usiku asikaukiwe mbele yake maana ndo kinachomfanya aparue na kuokota majani. Weka kwenye wavu wenye matundu madogo ale taratibu, wavu uning'inie juu asiingize mguu.

Mavi hayazikwi. Kambi nyingi za farasi zina sehemu maalumu ya kuyamwaga, unayazoa na reki na toroli asubuhi. Kule porini kwenye Deam ukifika siku moja unayatawanya yakauke, mbali na kijito angalau mita 60, shimo alilolichimba unalifukia na majani uliyoyakwangua unayarudisha. Na kumbuka vibali, parki za jimbo zinadai kibali cha farasi mbali na ada ya geti, na Hoosier nayo ina kibali chake cha njia kwa wapanda farasi, vinunue kabla hujapakia trela.

Anza na ile nusu saa ya kamba leo jioni, utuambie ameparua kiasi gani.